Mteja Asipolipa: Hukumu na Adabu za Kudai Ujira wa Kazi ya Uhusiano wa Umma



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike, wengi wetu hapa chuoni tunasoma huku tunafanya kazi. Mmoja anaendesha ukurasa wa Facebook wa mkahawa. Mwingine anaiandikia shule taarifa za kupeleka magazetini na redioni. Mwingine anatengeneza mabango na video fupi za duka la nguo, au anaandaa siku ya ufunguzi wa biashara na kuwaalika waandishi wa habari. Kazi hizi kwa jumla ndizo zinazoitwa uhusiano wa umma: kumsemea mtu au taasisi mbele ya watu, na kumfikishia yale watu wanayosema. Ni kazi halali ikifanywa kwa ukweli, na kwa baadhi yetu ndiyo inayolipa ada ya muhula.

Lakini lipo tatizo linalorudi kila tukikaa baada ya swala: mteja amepokea kazi, amefurahi, na halipi. Leo anasema kesho, kesho anasema mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi simu haipokelewi. Hapo wengine hunyamaza na kubaki na kinyongo. Wengine hubadilisha neno la siri la ukurasa wa mteja. Wengine humtukana hadharani kwenye WhatsApp. Je, lipi kati ya hayo ni haki yetu, na lipi ni dhulma juu ya dhulma?

Tutakayoyasoma hapa yanasimama juu ya maswali mawili ambayo kila mdai lazima ayajibu kabla hajafanya lolote. La kwanza: tulikubaliana nini hasa? La pili: mteja huyu hana, au hataki? Ukiyajibu kwa uadilifu, njia yako itakuwa wazi. Ukiyaruka, unaweza kuwa na haki ukaipoteza, au ukaidai kwa namna inayokupatia dhambi.

1. Uzito wa ujira katika Uislamu

Allah ametuamrisha kutimiza mikataba mwanzoni mwa Suratul Maida. Katika Suratul Qasas (aya ya 25) tunasoma kwamba Nabii Musa (a.s.) alipowanyweshea mabinti wawili wanyama wao huko Madyan, baba yao alimwita ili amlipe ujira wa kazi ile, ingawa Musa hakuwa ameomba malipo. Tena aya ya 27 inatuonyesha makubaliano ya kazi yenye muda unaojulikana: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake.

Katika hadithi qudsi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Allah anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake. Ibn Majah naye amepokea mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Basi asikudanganye mtu kwamba kazi ya kuandika na kupiga picha si jasho. Aliyekesha akijibu maswali ya wateja wa mwenzake kwenye simu amefanya kazi kama aliyebeba matofali.

2. Tulikubaliana nini?

Tuchukue mfano, na tutumie majina waliyozoea wanazuoni wa fiqhi. Zaid ni mwanafunzi. Amri ana duka la nguo Kampala na anataka lijulikane. Zaid anamwendeshea ukurasa wake kwa miezi miwili na kumwandalia siku ya ufunguzi wa tawi jipya. Kazi imekwisha, Amri hajalipa. Zaid anadai nini? Jibu linategemea maneno yaliyosemwa siku ya kwanza.

*Hali ya kwanza: walitaja ujira.* Walisema kazi ni hii, muda ni huu, malipo ni shilingi 600,000. Huu ni mkataba wa ijara uliotimia. Zaid anadai 600,000 kamili, na Amri hana njia ya kusema "kazi yenyewe ilikuwa nyepesi".

*Hali ya pili: walitaja malipo lakini hawakutaja kiasi.* Amri alisema, "Anza kazi ndugu yangu, nitakuridhisha, tutaelewana." Hapa ujira haujulikani, na ijara ya namna hii ni fasidi. Hata hivyo jasho la Zaid halipotei. Anastahiki *ujratul mithli*, yaani ujira ambao watu wa kazi hiyo, mahali hapo, hulipwa kwa kazi mfano wa hiyo. Lakini sasa itabidi watafutwe wajuzi wa kusema kiasi hicho ni kipi, na ugomvi hauepukiki.

*Hali ya tatu: hawakutaja malipo kabisa.* Amri alisema tu, "Nisaidie na ukurasa wangu." Hapa tuwe macho, kwa sababu wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i. Imam Nawawi katika *Minhajut Talibin* ametaja suala la mtu aliyempa fundi nguo aishone au aifue, naye akafanya bila ya ujira kutajwa. Kauli aliyoitanguliza ni kuwa fundi huyo hana ujira. Kisha akataja kauli nyingine, na miongoni mwao ni kwamba akiwa ni mtu anayejulikana kwa kufanya kazi hiyo kwa malipo, atalipwa. Na akaashiria kuwa kauli hii huonekana nzuri. Kwa hiyo Zaid akinyamaza siku ya kwanza kwa kuona haya, haki yake inakuwa jambo la ikhtilafu. Haya ni sehemu ya imani, lakini kuona haya kutaja ujira wako si haya hiyo.

*Hali ya nne: malipo yamefungwa kwenye matokeo.* Amri alisema, "Ukifanikisha habari yangu itoke redioni nitakupa 200,000." Hii si ijara, ni *ju'ala*, mfano wa mzigo wa ngamia ulioahidiwa kwa atakayeleta pishi la mfalme katika Surat Yusuf (aya ya 72). Katika ju'ala hupati kitu mpaka matokeo yatimie. Uamuzi wa kutangaza habari uko kwa mhariri, hauko kwako. Ukiandika taarifa nzuri kumi na mhariri asiitumie hata moja, humdai Amri. Kwa hiyo uza kile unachokimiliki: kuandika taarifa, kuipeleka kwa vyombo vitano, kufuatilia kwa simu. Usiuze kurasa za gazeti la watu. Na wala usijaribu kuyahakikisha matokeo kwa kumpa mwandishi bahasha; Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake.

*Hali ya tano: kujitolea.* Taasisi zetu za dini mara nyingi huomba msaada wa matangazo, na ni kheri kubwa kujitolea fi sabilillah. Tatizo ni kazi inayoanza kama ya malipo na kuishia kuitwa ya thawabu, au mtu kujitolea mwanzoni kisha akadai mwishoni. Uliza mapema, kwa adabu: "Sheikh, hii ni kazi ya kujitolea au ina bajeti?" Swali hilo moja linalinda mfuko wako na udugu wenu.

Jambo la mwisho hapa ni gharama. Amri akimwagiza Zaid apeleke mabango yakachapwe Nasser Road, na Zaid akalipa 150,000 kutoka mfukoni mwake, fedha hiyo si sehemu ya ujira. Zaid hapo ni wakili wa Amri, na anachotoa kwa agizo lake ni deni peke yake, hata kama siku ya ufunguzi itaahirishwa. Iandike mbali na ujira, na tunza risiti. Lililo salama zaidi ni mteja alipe mchapaji mwenyewe.

3. Kuandika

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu kuandika deni. Inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, anayedaiwa ndiye aimlishe, na wawepo mashahidi. Inatukataza pia kuchoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Wanazuoni wengi wameiona amri hii kuwa ni ya kupendekezwa, si wajibu. Lakini faida yake anaijua aliyewahi kuambiwa, "Mimi sikumbuki kusema hivyo." Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Zingatia lile neno la mdaiwa kuimlisha. Hekima yake ni kwamba ushahidi ulio na nguvu ni ule uliotoka kwa anayedaiwa. Kwa kazi zetu maana yake ni hii: isitoshe wewe kutuma bei yako na kukaa. Mwombe Amri ajibu kwa maneno yake kwamba amekubali kazi hii, kwa kiasi hiki, italipwa tarehe hii.

Sheria ya nchi hapa Uganda inakwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Na sheria hiyo imekubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ni maandishi, maadamu unaweza kufikiwa na kusomwa baadaye. Kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp si mchezo. Usiyafute, na yahifadhi mahali pengine pia, kwa sababu simu huibwa.

Maandishi yenu yawe na mambo saba: kazi ni ipi na mwisho wake wapi, muda, kiasi, tarehe za kulipa, nani analipia gharama za uchapaji, usafiri na data, mteja ana nafasi ngapi za kuomba marekebisho, na nani mwenye ukurasa, picha na video kazi ikiisha. Karatasi moja inatosha.

4. Malipo ya awali, na mtego wa riba

Inajuzu mkakubaliana sehemu ya ujira ilipwe kabla ya kazi. Desturi nzuri ni kugawa kwa awamu: sehemu wakati wa kuanza, sehemu katikati, sehemu wakati wa kukabidhi. Mteja anayekataa kutoa hata sehemu ndogo mwanzoni amekupa habari muhimu bure. Ila tofautisha malipo ya awali, ambayo ni sehemu ya ujira na hurudishwa kama kazi haikufanyika, na arubuni ambayo mpokeaji hubaki nayo mteja akijitoa. Hii ya pili ina ikhtilafu: jumhuri ya wanazuoni wameikataa, na Imam Ahmad ameiruhusu.

Sasa tahadhari. Ankara nyingi tunazozipakua intaneti zina kifungu kinachosema kwamba malipo yakichelewa, asilimia fulani itaongezwa kila mwezi. Ndugu zangu, futeni kifungu hicho. Deni likishathibiti, kuliongeza kwa sababu ya kuchelewa ni ile riba ya Jahiliya. Kosa la Amri la kuchelewesha halikuhalalishii riba.

Basi tunajilinda kwa nini? Kwa kusimamisha kazi. Andikeni kwamba awamu isipolipwa kwa tarehe yake, kazi inasimama mpaka ilipwe. Na Ibn Taymiyya ameeleza kuwa mwenye uwezo akichelewesha mpaka akamlazimisha mdai kwenda kushtaki, gharama za kawaida alizozitoa mdai katika kufuatilia haki yake ni juu ya huyo mcheleweshaji. Hiyo ni fidia ya hasara iliyotokea kweli, haiwi faida juu ya deni.

5. Hana, au hataki?

Tuseme yote yaliandikwa vizuri na Amri bado hajalipa. Hapa linakuja swali letu la pili. Sharia imewagawa wadaiwa mafungu mawili, na kila fungu lina hukumu yake.

*Mu'sir* ni yule ambaye kweli hana. Duka limeungua, mzigo umekwama, biashara imekufa. Kuhusu huyu Allah amesema katika aya ya 280 ya Suratul Baqara kwamba apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe kwa sadaka ni bora zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mfanyabiashara aliyekuwa akiwaagiza vijana wake wamsamehe mdaiwa mwenye dhiki, akitarajia Allah amsamehe naye, na Allah akamsamehe. Huyu mteja huruhusiwi kumbana.

*Mumatil* ni mwenye uwezo anayezungusha watu. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi ya Abu Huraira, waliyoafikiana Bukhari na Muslim, kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma. Huyu unayo haki ya kumdai kwa nguvu ya hoja.

Utawatofautishaje? Usihukumu kwa hasira wala kwa gari analoendesha, huenda nalo ni la mkopo. Muulize waziwazi na umpe nafasi ya kusema. Mwenye dhiki husema hali yake na hutaja njia, hata iwe ndogo: "Nitakupa 50,000 kila Ijumaa." Anayezungusha hatoi tarehe, au hutoa tarehe nyingi na hatimizi hata moja, na huku anaendelea kununua mzigo na kufungua matawi. Wapo pia wa fungu la tatu: mteja asiyeridhika na kazi anayeona haya kusema. Huyo ni mwenye hoja, na hoja yake isikilizwe kwanza. Kama kweli kazi ina kasoro, itengeneze, kisha dai.

6. Hatua za kudai

*Kwanza, kumbusha kwa upole na kwa maandishi.* Taja kazi, kiasi na tarehe. Pole na utani mwingi huficha ujumbe, na ukali wa mapema huharibu. Mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Mtume (s.a.w.) alidaiwa ngamia na mtu aliyemsemea kwa ukali, maswahaba wakataka kumshughulikia, akawazuia akisema kwamba mwenye haki ana maneno yake, kisha akaamrisha alipwe ngamia aliye bora kuliko wake.

*Pili, peleka barua ya madai.* Iwe fupi, na iambatanishwe na makubaliano na ushahidi kwamba kazi ilikabidhiwa. Mpe siku maalumu.

*Tatu, tafuta msuluhishi.* Ka'b bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad (r.a.) deni lake msikitini mpaka sauti zao zikapanda. Mtume (s.a.w.) akatoka, akamwashiria Ka'b apunguze nusu. Ka'b akakubali. Kisha akamwambia mdaiwa asimame akalipe. Tazama namna suluhu ilivyopangwa: punguzo lilifuatwa na amri ya kulipa pale pale. Ukikubali kupunguza, liandikwe kwamba nusu iliyobaki inalipwa leo. Msuluhishi anaweza kuwa imamu wa msikiti anaoswali, mzee wa soko au mtu aliyewakutanisha.

*Nne, mahakama.* Wengi hudhani mahakama ni ya matajiri. Uganda inao utaratibu wa madai madogo kwa kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Unatanguliza notisi ya madai ya siku 14, na asipolipa unafungua shauri katika mahakama ya mahakimu yenye utaratibu huo. Mawakili hawasimami kuwatetea wahusika. Kila mmoja anajieleza mwenyewe. Ndugu zetu mnaotoka Kenya, nanyi mnayo Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016, na kiwango chake ni shilingi milioni moja za Kenya. Usikae na deni mpaka lioze, kwani hapa Uganda dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita.

Kwa dada zetu: usiende peke yako nyumbani au ofisini kwa mteja wa kiume kudai fedha, hasa anapokuchagulia saa za usiku. Kudai kwa uwakala kunajuzu. Mpe kaka yako, mwalimu au kiongozi wa jumuiya idhini ya kudai kwa niaba yako, na mawasiliano yote yabaki kwenye maandishi.

7. Mipaka ya mdai

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu anayefanya kazi ya uhusiano wa umma ameshika jina la mteja wake na funguo za mlango wake.

*Kuzuia kazi ambayo hujakabidhi.* Wanazuoni wa Kihanafi wamesema kuwa fundi ambaye kazi yake inaacha athari kwenye kitu, kama mpaka rangi, anayo haki ya kukizuia mpaka alipwe. Lakini mchukuzi, ambaye kazi yake haiachi athari kwenye mzigo, hana haki hiyo. Kwa kipimo hicho, video uliyoihariri au bango ulilolichora ambalo bado liko kwenye kompyuta yako unaweza kulizuia mpaka ulipwe.

*Kuufunga ukurasa wa mteja.* Ukurasa wa Amri ulikuwa wake kabla yako, na neno la siri umepewa kama amana. Allah ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe (An-Nisaa: 58), na imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mtu airudishe amana kwa aliyemwamini, wala asimhini aliyemhini. Ni kweli kwamba Hind bint Utba (r.a.) aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, na baadhi ya wanazuoni, wakiwemo Mashafi'i, wameruhusu mwenye haki kuchukua haki yake kwa masharti anaponyimwa. Lakini hao walizungumzia kuchukua kiasi cha haki yako. Kufunga ukurasa hakukuingizii hata shilingi moja. Kunamharibia Amri biashara, na huenda hasara ikazidi deni. Zaidi ya hayo, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaharamisha kuingia na kubadilisha mifumo ya mtu bila idhini. Mdai anaweza kugeuka mshtakiwa. Acha kufanya kazi, mkabidhi funguo zake, kisha mdai.

*Kumwanika hadharani.* Ipo hadithi katika Abu Daud na Nasai kwamba kuzungusha kwa mwenye uwezo kunahalalisha heshima yake na adhabu yake. Bukhari amenukuu kutoka kwa Sufyan kwamba kuhalalika kwa heshima ni mdai kusema, "Amenicheleweshea." Ni hapo tu. Imam Nawawi ameyataja mashtaka ya aliyedhulumiwa na kuonya watu miongoni mwa sehemu ambazo kusengenya kunaruhusiwa kwa dharura. Kwa hiyo unaweza kumweleza msuluhishi na hakimu, na mwenzako akikuuliza kama amfanyie Amri kazi, mwambie ukweli bila kuongeza. Kumtukana, kutoa siri za biashara yake ulizozijua kwa sababu ya kazi, au kuigusa familia yake, hakumo. Na kama ni mu'sir, hata hilo la kwanza huna.

8. Na sisi tunadaiwa

Kabla hatujamlaumu Amri, tujitazame. Zaid alipokuwa na kazi nyingi alimwita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apige picha za ufunguzi kwa 80,000. Sasa anamwambia, "Subiri, mteja hajanilipa." Je, hiyo ni hoja? Kama hawakukubaliana hivyo tangu mwanzo, si hoja. Mpiga picha alikodiwa na Zaid, hamjui Amri. Tukumbuke kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni: mmoja wao alitawasali kwa kuwa mfanyakazi wake aliondoka bila kuchukua ujira, naye akaukuza mpaka ukawa mali nyingi, akamkabidhi yote.

Tena tujiulize kama kazi yenyewe inastahiki ujira. Aliyekubali kuandika sifa za uongo, au kujifanya wateja ishirini walioridhika kwa majina ya kubuni, anadai malipo ya jambo la haramu. Huyo asihangaike na mteja asiyelipa, ahangaike na toba.

Hitimisho

Ndugu zangu, kulipwa ni haki, na namna ya kudai ni ibada. Taja ujira bila kuona haya, uandike, gawa malipo kwa awamu, futa riba kwenye ankara yako. Mteja akikwama, mjue kwanza ni nani: asiyenacho mpe muhula, asiyetaka mfuate mpaka mwisho kwa njia za haki, na usiguse amana yake. Dawa ya deni ni kulipa, na hili linatuhusu sote, tunaodai na tunaodaiwa.

Tunamwomba Allah aturuzuku halali, atutosheleze nayo kutokana na haramu, na asitujaalie kuwa miongoni mwa waliokula jasho la wenzao. Wallahu a'lam.

Maswali ya halaka

1. Mteja amesema, "Nifanyie kazi, Mungu atakulipa." Hii ni ijara, ni kujitolea, au haijulikani? Ungemjibuje?
2. Zaid ndiye aliyeufungua ukurasa wa Amri kwa namba yake mwenyewe ya simu, na hawakuandikiana. Je, hukumu ya kuuzuia inabadilika?
3. Amri analipa 50,000 kila mwezi bila kukosa, lakini amefungua tawi jingine. Mumhesabu mu'sir au mumatil, na kwa dalili gani?